Kusafisha mazulia kikazi kwa dawa rafiki kwa mazingira: hatua kwa hatua

Wanaoanza kazi hii huuliza mambo yale yale. Dawa za kijani zina nguvu kweli? Siki na soda zinatosha? Mbona zulia limekuwa gumu baada ya kukauka? Nimeona niyajibu yote mahali pamoja, kwa mpangilio wa kazi yenyewe, tangu unapolikagua zulia la mteja hadi unapomwaga maji machafu.

Nikuambie mapema: dawa iliyo bora kuliko zote, ukiimwaga mara mbili ya kipimo chake na kuiacha nusu ndani ya zulia, imegeuka uchafu mwingine. Kazi hii ni ya kuweka kidogo na kutoa kingi. Maelezo yote yaliyo hapa chini yanarudi hapo.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mashine ya kufyonza vumbi yenye brashi inayozunguka na kichujio kizuri, cha HEPA (kinachonasa vumbi laini sana) ukimudu.
- Mashine ya kunyunyiza na kufyonza maji. Nguvu ya kufyonza ni muhimu kuliko ukubwa wa tangi.
- Bomba la mkono la kupulizia la lita 5 hivi, na chupa ndogo za kupulizia, kila moja na lebo yake.
- Kikombe cha kupimia chenye alama za mililita. Wengi hukidharau hiki.
- Karatasi za kupimia pH, yaani kipimo cha uasidi na ualkali: 7 ni kati, chini yake ni asidi, juu yake ni alkali.
- Vitambaa vyeupe. Viwe vyeupe kweli, maana unataka kuona kama rangi ya zulia inatoka, na hutaki rangi ya kitambaa iingie kwenye zulia.
- Brashi laini kwa ajili ya sufu, na nyingine ngumu kidogo kwa nyuzi za viwandani.
- Feni moja au mbili.
- Glavu na miwani ya kinga, pamoja na barakoa ya kuvaa unaposhika dawa za unga.

Dawa zenyewe si nyingi: dawa ya kutangulizia (inayopuliziwa kabla ya kusuuza) isiyo na klorini wala fosfeti, dawa ya vimeng'enya, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 au sodiamu pakaboneti ya unga, siki nyeupe au asidi ya sitriki, na soda ya kuokea. Nimesema soda ya kuokea. Magadi ni makali zaidi, pH yake hufika 11 hivi wakati soda ya kuokea iko kwenye 8 na kitu. Kostiki usiikaribishe kabisa kwenye zulia.

Kuchagua dawa bila kudanganyika

Picha ya jani kwenye chupa haithibitishi chochote. Neno "asilia" nalo halitoshi. Chukua mfano wa limonini, mafuta yanayopatikana kwenye maganda ya machungwa. Yanatoka kwenye tunda, yananukia vizuri na yanang'oa lami na mafuta kwa ustadi. Lakini hushika moto, huwasha ngozi za baadhi ya watu, na ni sumu kali kwa viumbe wa majini. Yakimwagwa mengi hulegeza hata gundi inayoshikilia mgongo wa zulia. Mimi huyatumia kwa matone, juu ya doa lenyewe.

Tafuta alama inayotolewa na mkaguzi wa nje. Zinazoaminika ni pamoja na Blue Angel ya Ujerumani, iliyoanza mwaka 1978, Nordic Swan na Green Seal za 1989, EU Ecolabel ya 1992, na Safer Choice ya mamlaka ya mazingira ya Marekani. WoolSafe ni alama ya aina nyingine: inakuhakikishia kwamba dawa haitaharibu sufu. Ukisafisha mazulia ya sufu utaihitaji.

Kama dawa haina alama yoyote, mwombe muuzaji karatasi ya taarifa za usalama. Ina sehemu 16, ila kwa kazi yetu soma nne: ya 2 inaeleza hatari, ya 3 viungo, ya 9 ina pH, na ya 12 inaeleza dawa inavyofanya ikifika kwenye maji na udongo. Katika sehemu ya 12 angalia kama viungo vimefaulu vipimo vya OECD 301, vipimo vya kimataifa vya kuona kama kemikali inaoza. Humo kiungo huhesabiwa kuwa kinaoza haraka kikioza asilimia 60 au 70, kutegemea namna ya kupima, ndani ya siku 28. Kumbuka hizo siku 28, tutazirudia tukifika kwenye maji machafu.

Vya kukwepa: klorini, amonia, perikloroethilini, fosfeti, ving'arisha vinavyofanya zulia lionekane jeupe bila kuwa safi, na nonilifenoli ethoksileti, ambazo Umoja wa Ulaya ulizibana tangu mwaka 2005. Vya kufurahia ni alkili poliglukosidi, zinazotengenezwa kwa sukari na mafuta ya mimea, na sitreti inayoshika nafasi ya fosfeti. Muuzaji asiyetaka kutoa karatasi hiyo, muache na dawa yake.

Swali la sabuni ya mche huja kila mara. Sabuni hiyo inaoza vizuri, na kwa mazingira haina neno, lakini kwa zulia ina neno. Ikikutana na maji magumu hutengeneza utando, na utando huo unakaa kwenye nyuzi ukikusanya vumbi. Iache bafuni.

Hatua za kazi

1. Lijue zulia kabla ya kuligusa na maji. Soma lebo iliyo nyuma. Kama haipo, omba ruhusa ya mteja, chomoa nyuzi mbili tatu pembezoni na uzichome nje ya nyumba kwa uangalifu. Sufu hunuka nywele zilizoungua na jivu lake husagika vidoleni. Pamba na juti huungua kama karatasi. Nailoni, poliesta na polipropilini huyeyuka na kuacha kitone kigumu.

Hili ndilo litakalokuamulia dawa. Sufu haipendi pH inayozidi 8.5 wala maji ya moto, na klorini huiyeyusha kabisa. Nyuzi za viwandani huvumilia zaidi. Katani na viskozi ni shida nyingine: maji huziharibu zenyewe, hata yakiwa safi. Zulia la namna hiyo, kama hujapata uzoefu, fyonza vumbi tu na umwambie mteja ukweli.

2. Jaribu rangi. Chagua sehemu isiyoonekana, nyuma ya kochi au chini ya kabati. Pulizia dawa uliyokusudia kutumia, iliyokwisha kuchanganywa kwa kipimo. Subiri dakika 10, kisha bana kwa kitambaa cheupe. Rangi ikitoka, acha dawa hiyo. Fanya hivyo kwa kila rangi iliyo kwenye nakshi, maana nyekundu na buluu nzito mara nyingi ndizo zinazochuja wakati nyingine zimetulia.

3. Fyonza vumbi, tena polepole. Sehemu kubwa ya uchafu wa zulia ni kavu: mchanga, vumbi, nywele, ngozi. Kila gramu unayoitoa ikiwa kavu hutaitafutia dawa wala maji baadaye. Pita kwa urefu, kisha kwa upana, na njiani penye nyayo nyingi pita tena. Ukiona umefanya hatua hii kwa haraka kuliko hatua ya dawa, rudia. Ningekuwa na nafasi ya kumfundisha mwanagenzi jambo moja tu, ningemfundisha hili.

4. Changanya kwa kipimo. Hapa ndipo dawa nyingi hupotelea. Lebo ikisema 1:32, maana yake sehemu moja ya dawa kwa sehemu 32 za maji, yaani mililita 31 hivi kwa kila lita. Bomba la lita 5 litahitaji mililita 156. Ikisema 1:10 ni mililita 100 kwa lita. Usikadirie kwa kifuniko.

Weka maji kwanza, dawa baadaye, utapunguza povu. Changanya inayotosha kazi ya siku hiyo, hasa sodiamu pakaboneti, kwani ikishaingia kwenye maji nguvu yake huisha ndani ya saa chache.

*Angalizo:* usifunge mchanganyiko wa pakaboneti ndani ya bomba au chupa na kuuacha. Hutoa oksijeni, na chupa inaweza kupasuka. Usichanganye siki na peroksaidi kwenye chupa moja, utapata asidi kali ya perasetiki. Na kama kwa mteja kuna dawa yenye klorini, isikutane na siki wala amonia hata kidogo, maana hewa itokayo ni sumu.

5. Anza na madoa. Kila doa lina dawa yake.

Damu, maziwa na mayai: maji baridi, kisha dawa ya vimeng'enya. Maji ya moto huyapika madoa haya na kuyafungia ndani. Vimeng'enya ni wavivu kidogo, vinahitaji muda na unyevu. Funika kwa kitambaa kilicholowa na uache kwa muda ulioandikwa kwenye lebo. Maji yanayounguza mkono huvidhoofisha, na dawa za kuua vijidudu huviharibu, kwa hiyo usitangulize dawa hizo. Kwenye sufu, hakikisha lebo inaruhusu, maana vimeng'enya vinavyokula protini haviwezi kutofautisha doa na sufu yenyewe.

Kahawa, chai na divai: dawa ya pH ya kati kwanza, kisha siki iliyozimuliwa kwa maji. Likibaki, na zulia ni la nyuzi za viwandani lenye rangi hafifu, gusa kwa peroksaidi ya asilimia 3 baada ya kuijaribu pembeni. Iache ijikaukie.

Mafuta na vipodozi: kwangua kwanza kwa kijiko, bana kwa kitambaa kikavu, kisha dawa ya kutangulizia, na limonini matone machache ikibidi.

Mkojo wa wanyama: suuza kwa maji na ufyonze, weka vimeng'enya vya kutosha kufika ulikofika mkojo, funika, subiri, fyonza tena. Kama umepenya hadi kwenye godoro la chini la zulia, huwezi kuumaliza kwa kusafisha juu. Mwambie mteja kabla hujaanza.

Kote huku bana, usisugue. Anza ukingoni mwa doa ukielekea katikati.

6. Pulizia dawa ya kutangulizia na uipe muda. Pulizia eneo unaloweza kulimaliza kabla halijakauka. Lengo ni nyuzi zilowe juu, mgongo wa zulia ubaki mkavu. Kisha subiri dakika 10 hadi 15.

Hapa ndipo watu husema dawa za kijani hazina nguvu. Mtu aliyezoea dawa kali hupulizia na kufyonza papo hapo. Akifanya vivyo hivyo kwa dawa ya pH ya kati, uchafu unabaki, naye anailaumu chupa. Ipe dakika zake. Ukiona inakauka kwa ajili ya joto, nyunyizia maji kidogo juu yake badala ya kuongeza dawa.

7. Piga brashi. Pitisha brashi taratibu pande mbili tofauti ili dawa ifike kwenye kila uzi. Kwa sufu tumia laini na mkono mwepesi, la sivyo nyuzi zitafumuka vichwa na hazitarudi.

8. Suuza na ufyonze. Weka maji matupu kwenye tangi, na siki nusu kikombe kwa kila lita 4. Siki huzima mabaki ya dawa yenye alkali na kuyafanya yatoke. Maji yawe ya uvuguvugu kwa sufu. Nyuzi za viwandani huvumilia ya moto zaidi, soma lebo ya zulia.

Pita mara moja ukinyunyiza, kisha angalau mara mbili ukifyonza bila kunyunyiza. Endelea kufyonza mpaka usione maji yakipita kwenye bomba la kufyonzea. Kwa kweli hizo safari kavu ndizo zinazomtofautisha fundi na mtu mwenye mashine.

Ukimaliza, gandamiza karatasi ya pH kwenye nyuzi zenye unyevu. Ikisoma kati ya 5 na 7, umesuuza vizuri. Ikizidi 8, dawa imebaki, rudia kusuuza.

Iko pia mbinu ya maji machache: dawa hupuliziwa, hupigwa brashi, hukauka kuwa chembe ngumu zilizofunga uchafu ndani, kisha hufyonzwa kama vumbi. Hutumia maji kidogo mno na zulia hukauka upesi, kwa hiyo inafaa kwa ofisi na kumbi. Ila chembe hizo mara nyingi ni polima, na si polima zote zinazooza upesi. Rudi kwenye ile sehemu ya 12 kabla ya kuisifia.

9. Kausha haraka. Fungua madirisha kama nje hakuna unyevu, washa feni, zielekeze sambamba na sakafu. Lenga zulia likauke siku hiyo hiyo. Likibaki bichi saa 24 hadi 48, kuvu huanza, na hakuna dawa ya kijani wala nyekundu itakayokusaidia kwa mteja huyo. Samani zirudishwe juu ya vipande vya plastiki au karatasi maalumu, miguu ya chuma isiachie kutu.

10. Maji machafu. Dawa iliyo kwenye tangi imekwisha kuwa mchanganyiko wa uchafu, nyuzi na mafuta. Chuja kwanza, nyuzi za viwandani ni plastiki, ziende kwenye taka. Maji yamwagwe chooni au kwenye mfereji unaokwenda kwenye mfumo wa maji taka, kwa idhini ya mwenye nyumba. Usiyamwage kwenye mtaro wa maji ya mvua wala bustanini. Zile siku 28 nilizozitaja ndizo hizi: maji ya mtaro yanaweza kufika mtoni siku hiyo hiyo, dawa ikiwa bado nzima.

Kuhusu siki na soda kwa pamoja

Povu lake linavutia macho, ndiyo sababu halifi. Lakini asidi na alkali zikikutana huzimana. Baada ya povu kuisha umebaki na maji yenye chumvi ya asetati. Tumia kila kimoja peke yake: soda ya kuokea kwa kuondoa harufu, ikinyunyizwa kidogo juu ya zulia kavu na kufyonzwa baadaye, na siki wakati wa kusuuza. Usimwage kilo nzima ya soda. Unga wake laini huzama kwenye mgongo wa zulia na kuziba kichujio cha mashine.

Mteja akiomba kinga ya madoa au manukato

Kinga nyingi za zamani zilitumia kemikali za familia ya PFAS, zisizooza. Mmoja wa jamaa zake, PFOS, uliingizwa mwaka 2009 kwenye Mkataba wa Stockholm, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti kemikali sumu zisizooza. Ukiombwa kupaka kinga, chagua iliyoandikwa wazi kwamba haina florini, au mshauri mteja aweke zulia dogo mlangoni. Manukato ni mazoea tu. Zulia safi halinuki kitu, na mteja mwenye pumu atakushukuru usipopulizia chochote.

Mambo yakienda mrama

*Zulia limekauka na kuwa gumu au linanata.* Dawa imebaki. Suuza tena kwa maji na siki bila dawa yoyote, ongeza safari kavu. Zulia linalochafuka upya baada ya wiki chache lina ugonjwa huo huo.

*Doa limerudi baada ya kukauka.* Lilikuwa chini, likapanda na maji. Lilowanishe kidogo, fyonza sana, kisha weka taulo nyeupe iliyokunjwa juu yake na kitu kizito hadi asubuhi. Taulo itanyonya kinachopanda.

*Madoa ya kahawia yametokea pasipokuwa na doa.* Huja kwenye mazulia yenye mgongo wa juti au pamba yaliyolowa mno. Yeyusha kijiko cha chai cha asidi ya sitriki kwenye lita moja ya maji, jaribu pembeni, pulizia kidogo sana, piga brashi laini, kausha kwa feni.

*Rangi imeanza kuchuja katikati ya kazi.* Acha dawa mara moja. Pulizia maji yenye siki, fyonza haraka, washa feni. Usijaribu kusugua rangi iliyohama.

*Povu limejaa kwenye tangi la maji machafu.* Mara nyingi ni mabaki ya sabuni ya aliyekutangulia. Mimina siki kidogo kwenye tangi hilo na umwage mara kwa mara, maana povu likifika kwenye mota, mashine imekufa.

*Harufu ya unyevu siku ya pili.* Zulia halijakauka chini. Inua pembe moja uguse mgongo wake. Ukiwa na ubichi, ingiza hewa chini kwa feni. Usifunike harufu kwa soda.

*Sehemu imebaki nyeupe au njano kila unachofanya.* Angalia kwa karibu: huenda si doa, rangi yenyewe imekwisha kuliwa na dawa ya zamani au jua. Hakuna usafi utakaoirudisha. Piga picha sehemu kama hizo wakati wa ukaguzi, mwonyeshe mteja, kisha ndipo uingize mashine.